Silabi ya Saba: Mdundo wa Maneno Uitangulie Melodia

Wimbo mpya ukiletwa mazoezini, kwaya nyingi hufuata utaratibu uleule. Mpiga kinanda anapiga sauti ya kwanza, soprano wanaifuata kwa "la la la" mpaka waikariri, kisha wanafuata alto, tenor na besi. Maneno yanabandikwa baadaye. Mwendo huamuliwa mwisho kabisa, mara nyingi siku yenyewe ya kuimba, kwa kubonyeza mojawapo ya ngoma zilizomo ndani ya kinanda. Nashikilia kwamba utaratibu huu umepinduliwa, na kwamba ndio unaozaa malalamiko mawili yanayosikika kila mahali penye kwaya: maneno hayasikiki, na wimbo unakimbia. Makoo hayana kosa. Kosa ni kuchagua nota kabla ya kupanga mdundo wa maneno.

Tuelewane kwanza juu ya mambo matatu. Mwendo ni kasi ya mapigo, nao hupimwa kwa mapigo kwa dakika: 60 ni pigo moja kila sekunde, 120 ni mawili kila sekunde. Mdundo ni jinsi silabi ndefu na fupi, nzito na nyepesi, zinavyokaa juu ya mapigo hayo. Melodia ni kupanda na kushuka kwa sauti. Ukibadili mwendo, wimbo unabaki wimbo uleule, ila wenye haraka au utulivu zaidi. Ukibadili melodia, umepata wimbo mwingine wenye maneno yaleyale. Lakini ukivuruga mdundo, unaharibu neno lenyewe, na msikilizaji anabaki na sauti tamu isiyosema kitu.

Kiswahili kinamrahisishia mtunzi kazi kuliko lugha nyingi za jirani. Anayetunga kwa Kikuyu, Kijaluo au Kinyarwanda lazima achunge toni, kwa kuwa kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kugeuza maana ya neno. Sisi hatuna mzigo huo. Tuna sharti moja tu lenye nguvu: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BAba, saFAri, ninakuPEnda. Mkazo ukihama, sikio la mzawa linashtuka, na mara chache maana nayo inahama: baraBAra ni njia, baRAbara ni sawasawa. Mtunzi anayeweka silabi ya mwisho ya "Bwana" kwenye nota ndefu, ya juu, juu ya pigo zito, amemfanya mwimbaji atamke "bwaNA", neno ambalo hakuna Mswahili anayelitamka hivyo.

Washairi wetu walikwisha kupima nusu ya jambo hili karne nyingi kabla ya kwaya. Utenzi una mizani 8, yaani silabi 8, kwa kila kipande. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mstari, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili). Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi nyimbo zake kwa Kiswahili huko Bombay mwaka 1928, muziki huo ulioanzia kwenye kasri la Sultani kwa Kiarabu ulikuwa umeshavikwa maneno ya Kiswahili, na mpaka leo mashairi mengi ya taarabu hutembea kwa mizani 8 na 8. Ila arudhi yetu, yaani kanuni za ushairi, huhesabu silabi na kutazama vina. Haisemi mkazo ukae wapi ndani ya kipande. Hapo ndipo watunzi wengi wa nyimbo huteleza: wanaona hesabu ya mizani imetimia, wanadhani mdundo nao umetimia.

Chukua vipande viwili vya mizani 8: "Mama aliniambia" na "Safari yetu ni ndefu". Hesabu ni moja. Mikazo si moja. Katika cha kwanza mkazo uko kwenye silabi ya 1 na ya 7. Katika cha pili uko kwenye ya 2, ya 4 na ya 7. Ukiandika vipande 50 vya namna hii, mikazo ya mwanzoni na katikati itatawanyika kila upande, lakini silabi ya 7 itabaki na mkazo karibu kila mara, kwa sababu ndiyo ya pili kutoka mwisho. Hiyo ndiyo nanga. Kama kuna kanuni moja tu ambayo mtunzi wa Kiswahili aondoke nayo, basi ni hii: silabi ya 7 ikae juu ya pigo zito.

Sasa tazama kinachotokea mtunzi akianza kuimba kwenye pigo la kwanza, kama wengi wanavyofanya. Kipimo (fungu la mapigo linalojirudia, la kwanza likiwa zito) kina mapigo 4 na kila pigo linabeba silabi mbili. Silabi ya 1 inakaa pigo la kwanza, ya 3 pigo la pili, ya 5 pigo la tatu, na ya 7 inaangukia pigo la nne, lililo jepesi kuliko yote. Mstari unaisha kabla ya kipimo kinachofuata, na pigo zito la mbele linabaki tupu. Mtunzi akisikia pengo hilo, anaivuta silabi ya 8 ili ilijaze. Hivyo ndivyo "ndeFU" na "aliniambiA" zinavyozaliwa.

Dawa ni kuchelewa pigo moja. Acha pigo la kwanza kimya, ingia kwenye la pili: silabi ya 1 na 2 pigo la pili, 3 na 4 pigo la tatu, 5 na 6 pigo la nne. Silabi ya 7 inatua penyewe kwenye pigo la kwanza la kipimo cha pili, inashikiliwa mapigo mawili, na ya 8 inafuata kwa upole kwenye pigo la tatu. Kwa solfa (d, r, m, f, s, l ni do, re, mi, fa, so, la), "Mama aliniambia" inaweza kuandikwa hivi, mapigo yakitengwa kwa mistari ya wima na nukta mbili, kila kituo kikigawa pigo sehemu mbili, kistari kikiendeleza nota, na mahali patupu pakiwa pigo la kimya:

|   : s .m | f .s : l .s | r : – | d : – |

Neno "Mama" linaanza juu na kushuka, jinsi linavyotamkwa. Sasa weka "Safari yetu ni ndefu" juu ya nota hizohizo. "Sa" inapata so, "fa" inapata mi, yaani silabi yenye mkazo imewekwa chini ya jirani yake asiye na mkazo. Mtu anasikia "SAfari". Marekebisho ni madogo: badilishana nota mbili za kwanza, kisha badilishana ya nne na ya tano.

|   : m .s | f .l : s .s | r : – | d : – |

"Fa" na "ye" zimebaki nje ya kichwa cha pigo, lakini sasa ziko juu ya jirani zao, na sikio linaridhika. Mkazo una mahali patatu pa kukaa: uzito wa pigo, urefu wa nota, au kimo cha nota. Silabi ikikosa vyote vitatu, neno limepotea. Ikipata kimoja, limeokoka. Ikipata viwili, msikilizaji wa safu ya nyuma atalisikia bila kuinama mbele.

Walimu wengi watapinga hapa kwamba beti zote lazima ziwe na melodia moja, la sivyo kusanyiko litashindwa kufuata. Kwa kiitikio ni kweli, na kiitikio kina maneno yaleyale kila mara, kwa hiyo hakuna ugumu. Beti ni jambo jingine. Katika ngoma zetu nyingi mwanzilishi wa wimbo huisogeza sauti yake kulingana na maneno ya kila ubeti, na waitikiaji hubaki palepale. Anayeiga nyimbo za vitabuni kwa kuganda kwenye nota zilezile beti sita mfululizo ameacha mbinu ya nyumbani iliyo bora zaidi. Mpe mwimbaji mmoja beti, ruhusu nota mbili tatu zihame kufuata mikazo, na waachie wote kiitikio.

Jambo dogo linalosahaulika: silabi ya m na n inayosimama peke yake. "Mtu" ina silabi mbili, na mkazo uko kwenye m. "Nchi" vilevile. Mtunzi akilipa neno "mtu" nota moja, waimbaji wataimba "tu", na maana imekwenda. Lipe nota mbili, na uwafundishe waimbaji kuivumisha m midomo ikiwa imefungwa, kwa kimo kamili cha nota yake. Lakini "mbi" na "nde" za mfano wetu ni silabi moja moja, na hakuna haja ya kuzipasua.

Tugeukie mwendo. Kuna njia ya kuupata ambayo haitegemei ladha ya mtu. Tafuta mstari wenye silabi nyingi zaidi ndani ya kipimo kimoja, uuseme kwa sauti huku ukipiga mguu, na uongeze kasi mpaka matamshi yaanze kumezana. Sehemu za kwanza kuvunjika ni zile zenye irabu mbili zinazofuatana, kama "aliniambia". Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, uandike namba. Huo ni ukomo wa juu. Kisha tafuta sentensi ndefu kuliko zote, uwape waimbaji wa kawaida, si wale wenye mapafu makubwa, waiimbe kwa pumzi moja huku ukipunguza kasi mpaka waishiwe. Huo ni ukomo wa chini. Mwendo wa wimbo uko kati ya namba hizo mbili. Ukikuta ukomo wa chini uko juu ya ule wa juu, usilaumu kwaya: wimbo umetungwa vibaya, punguza maneno au weka mahali pa kupumua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mstari wa mizani 16, kila pigo silabi mbili, unachukua mapigo 8. Kwa mwendo wa 60 hizo ni sekunde 8. Kwa 50 ni sekunde 9 na sehemu 6 za kumi. Kwa 120 ni sekunde 4. Ukienda kwenye singeli ya Dar es Salaam, ambayo mara nyingi hukaa kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, silabi mbili kwa kila pigo la 240 zingekuwa silabi 8 kila sekunde. Wanaoiweza kasi hiyo hutamka kwa mafungu mafupi yanayokatwa na kimya, au huweka silabi moja kwa pigo na kuiachia ngoma haraka yote. Anayeidharau singeli kwamba ni kelele ya kasi aisikilize tena akiangalia mahali maneno yanapotua. Wale walio hodari hawapotezi mkazo hata mmoja.

Kwa nini kwaya hukimbia? Sababu kubwa ni nota ndefu na kimya. Mtu akipewa nota ya mapigo matatu huishika mawili na kitu, kisha anaruka mbele. Akipewa kimya cha pigo moja anakiona kama ruhusa ya kuingia. Ya pili ni ukali wa sauti: palipoandikwa paimbwe kwa nguvu, mwendo nao hupanda, kwa kuwa mwili unachanganya nguvu na haraka. Kwaya huvuta nyuma kwa sababu tofauti, ya pumzi. Mwisho wa mstari waimbaji huvuta hewa baada ya nota kwisha, wakaiba robo ya pigo linalofuata. Pumzi lazima ikatwe kutoka kwenye nota inayoisha: kama silabi ya mwisho ina mapigo mawili, imbeni moja na nusu, pumueni nusu. Iandikwe kwenye karatasi ya kila mtu.

Ipo sababu nyingine ambayo haina uhusiano na waimbaji. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Spika ya kinanda ikiwa mita 10 kutoka safu ya nyuma, mapigo yanawafikia yakiwa yamechelewa sehemu 29 za elfu za sekunde, nao wakitoa sauti inachukua muda huohuo kurudi mbele. Kwa wimbo wa taratibu hakuna anayehisi. Kwa mwendo wa 140, ndani ya ukumbi wenye mwangwi, wimbo unaanza kuvutana. Sogezeni spika karibu na waimbaji, wao wafuate kwa macho mikono ya mwalimu, na kinanda kipunguze ngoma zake za umeme.

Zoezi linalotibu kukimbia ni moja, nalo linachosha kidogo lakini halina mbadala. Washeni metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo kwa kasi mnayoitaka. Kwaya iseme maneno, bila kuimba, juu ya mapigo, kwa vipimo viwili; inyamaze vipimo viwili, kila mtu akihesabu moyoni; irudi. Mara ya kwanza watarudi wakitawanyika. Wakiweza kurudi pamoja, ongezeni kimya kiwe vipimo vinne. Hapo tu ndipo melodia iingie. Kwaya iliyopitia hatua hii hukariri nota haraka zaidi, kwa kuwa kila nota tayari ina mahali pake pa kukaa.

Mapigo ya sita yanataka uangalifu wa peke yake, maana ni ya kwetu na ndiyo yanayochezwa vibaya zaidi. Katika chakacha na ngoma nyingine za pwani, mipigo midogo 6 inahesabiwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja: mafungu mawili ya tatu tatu, na mafungu matatu ya mbili mbili. Mpiga kinanda asiyeijua hali hii huchagua fungu moja na kulitwanga, na ngoma inakufa. Jifunze mezani: mkono wa kulia unagonga kwenye 1, 3 na 5, wa kushoto kwenye 1 na 4. Mfuatano unakuwa: pamoja, kulia, kushoto, kulia, na nafasi kati ya pamoja na kulia ya kwanza, na kati ya kulia ya mwisho na pamoja inayofuata, ni mara mbili ya zile nyingine. Mikono ikishatulia, sema mstari wa wimbo juu yake na usikilize mikazo inaegemea mkono upi. Mtunzi mzuri huiachia ihame, mstari mmoja kulia, unaofuata kushoto.

Nimebakiza jambo gumu kuliko yote, tenzi zilizotafsiriwa, yaani nyimbo za kanisa zilizotoka Ulaya. Melodia nyingi za Ulaya zilitungwa kwa maneno yanayoishia kwenye silabi nzito. Mstari wa nota 8 una uzito kwenye ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Mtafsiri mwaminifu anaandika mizani 8, hesabu inakubali, na mkazo wa Kiswahili, ulio kwenye ya 7, unaangukia nota nyepesi wakati silabi dhaifu ya mwisho inapewa nota nzito na ndefu. Ndiyo maana tenzi hizo husikika kama zimeimbwa na mgeni hata zinapoimbwa na watu wa Tanga.

Tafsiri hizo zinaweza kutengenezwa bila kuitupa melodia. Mtafsiri aandike mizani 9 kwa mstari wa nota 8, na 7 kwa mstari wa nota 6. Nota ya mwisho ipasuliwe mara mbili kwa kimo kilekile: nusu ya kwanza ibebe silabi yenye mkazo, nusu ya pili ibebe ile ya kumalizia. Melodia haikuguswa, uzito umekaa panapostahili. Katika nyimbo za mapigo matatu nota ya mwisho huwa na mapigo mawili, kwa hiyo kila silabi inapata pigo zima. Katika zile za mapigo manne mara nyingi kuna pigo moja tu kabla mstari wa pili haujaingia, na mkiligawa nusu kwa nusu pa kupumulia panakosekana. Hapo pumueni kila baada ya mistari miwili, au mwalimu aongeze pigo moja la kimya na kuwaambia wapiga vyombo mapema, la sivyo ngoma ya kinanda itaendelea bila kwaya. Mpiga kinanda naye asikimbilie kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya do endapo nota iliyopasuliwa ni re; ashike kodi ya so mpaka silabi ya mwisho iishe.